Kevin, Jina Lililotoka Bonde la Maziwa Mawili

"Senge, nikiweka Simiyu peke yake si itatosha?"

Mtoto wa kaka yangu, anayeniita senge, yaani shangazi kwa Kibukusu, alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwangu, Jumapili alasiri, fomu ya maombi ikiwa wazi kwenye simu. Ni yale mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani ambayo vijana huyaita Ausbildung, na ambayo tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 2024, hayakosi kuzungumzwa katika nyumba yenye kijana aliyemaliza shule. Anwani alikuwa ameshajaza. Tarehe ya kuzaliwa pia, na cheti cha lugha. Barua ya kujieleza alikuwa ameiandika vizuri sana. Alikwama kwenye jina la chini ya barua.

Nikamwuliza, Kevin lina ubaya gani?

Akanionyesha video. Mchekeshaji wa Kijerumani amejifanya mama wa mtaa wa watu wa chini, anaita kutoka dirishani: "Kevin!" Ukumbi mzima unaangua kicheko kabla mtoto hajaonekana, kabla hajafanya lolote. Jina lenyewe ndilo mzaha. Kisha akanieleza kwamba mwalimu wake wa Kijerumani, mtu aliyeishi kule miaka mingi na anayemtakia heri, alimwita pembeni akamshauri atumie jina la nyumbani kila anapoweza. Pasipoti itabaki na majina yote, hilo halina ujanja, lakini barua isomwe kwanza kwa jina lisilochekwa.

Sikuwa na jibu. Nilimwomba asitume kwanza.

Kwa majuma kadhaa jambo hilo halikuniacha. Sisi tumekulia kwenye ushauri wa kinyume: ukiomba kazi, tanguliza jina la ubatizo, la nyumbani lifupishe liwe herufi moja na nukta. Sasa kijana anaambiwa la ubatizo ndilo la kuficha. Na wanaolicheka si wenye nalo. Kevin si jina la Kijerumani. Si la Kiingereza pia, ingawa limetufikia likiwa limepandishwa mgongoni mwa Kiingereza. Ni la Waayalandi, na nilitaka kujua limewahi kumkosea nani.

## Bondeni

Kusini mwa Dublin, mwendo wa kilomita 50 hivi, kuna milima ya Wicklow, na katikati ya milima hiyo bonde lenye maziwa mawili. Wenyewe wanaliita Gleann Dá Loch, yaani hivyo hivyo, bonde la maziwa mawili. Kwenye ramani utaliona kama Glendalough. Katika karne ya 6 mtawa mmoja alikwenda kuishi huko peke yake. Kwa Kiayalandi cha kale aliitwa Cóemgein. Cóem ni mpole, mpendwa, mwenye kupendeza. Gein ni kuzaliwa. Masimulizi yanasema malaika ndiye aliyeagiza jina hilo siku ya ubatizo, na hata wazazi wake yamewapa majina yanayoanza na cóem, kana kwamba upole ulikuwa kitu cha ukoo.

Leo Waayalandi huandika Caoimhín. Herufi zisikutishe: mh pale husomwa v, na jina zima hutamkwa karibu na Kiivin, au Kwiivin, kutegemea msemaji ametoka upande gani wa nchi.

Hapo nilisimama kwanza. Simiyu, kwetu Wabukusu, ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo majina yote mawili ya kijana wetu yanasimulia kuzaliwa kwake: moja linasema alizaliwa vipi, jingine alizaliwa lini. Kaka yangu hakujua hilo alipoyaweka pamoja, wala hakuna aliyempangia. Lakini yamekaa vizuri kuliko majina mengi niliyowahi kuyasikia yakiitwa kanisani.

Kwenye jabali lililo juu ya ziwa la ndani kuna pango dogo, mita 10 hivi kutoka majini, ambalo hadi leo huitwa Kitanda cha Kevin. Mtu anaweza kujikunja humo akalala, si zaidi. Wafuasi walimfuata, upweke ukaisha, na bonde likawa na monasteri kubwa iliyosomesha watu kwa karne nyingi hadi majeshi ya Waingereza yalipoichoma mwaka 1398. Mnara wake wa duara bado umesimama, mita 30 hivi kwenda juu, mlango ukiwa juu ya kimo cha mtu, pasipofikika bila ngazi.

Kisa ambacho kila Mwayalandi amekisikia ni cha ndege. Kilisimuliwa mwishoni mwa karne ya 12 na Gerald wa Wales, kasisi aliyezunguka Ayalandi akiandika aliyoyaona na aliyoyasikia. Ilikuwa Kwaresima. Kevin alikuwa akisali ndani ya kibanda chake, na kibanda kilikuwa kidogo, mkono wake mmoja ukawa umenyooka nje ya dirisha, kiganja juu. Ndege mweusi akatua kiganjani. Akajenga kiota. Akataga. Kevin alipohisi mayai, hakuukunja mkono wala hakuurudisha ndani. Akabaki vile vile mpaka makinda yakaanguliwa na kuruka.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na bado kinanishika kwa sababu ya mkono ule. Yeyote aliyewahi kumshikia mgonjwa chupa ya dripu huku muuguzi akitafuta chuma cha kuitundikia anajua mkono ulioinuliwa unakuwaje baada ya dakika chache tu. Kwanza bega, halafu kiwiko, halafu vidole vinakuwa si vyako.

Kuna kingine, cha fisi maji. Kitabu chake cha Zaburi kilianguka ziwani, fisi maji akakizamia na kukileta, maandishi yakiwa hayajaharibika. Mnyama huyo akaendelea kuwaletea watawa samaki kila siku, mpaka mmoja wao akawaza kwamba ngozi yake ingefaa kwa glavu. Fisi maji akajua. Hakurudi tena. Huyo mtawa wa glavu tunamfahamu, yuko kila mahali.

## Kibao shingoni

Chini ya utawala wa Uingereza majina ya Kiayalandi yalipita kwenye kalamu za makarani wasiojua lugha, na wenyewe pia wakajifunza kuwa na jina la nyumbani na jina la ofisini. Tadhg akaandikwa Timothy. Diarmaid akaandikwa Jeremiah. Majina hayo hayana undugu wowote, yalisikika tu kidogo hivi, au hayakusikika kabisa, na karani akatosheka. Ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852: watu kama milioni moja walikufa, wengine milioni moja wakapanda meli, na wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiayalandi.

Shuleni mtoto alining'inizwa kijiti shingoni, bata scóir. Kila akisema neno la Kiayalandi, mkato mmoja. Jioni mikato inahesabiwa, anachapwa kwa idadi yake.

Niliposoma hayo niliifunga kompyuta nikatoka nje kupata hewa. Sisi kilikuwa kibao. Ukisema Kibukusu unavishwa, unakaa nacho ukimvizia mwenzako ateleze umpe, na wa mwisho kukutwa nacho jioni ndiye wa fimbo. Nilifikiri kibao kile kilibuniwa kwa ajili yetu.

Mwaka 1893 iliundwa Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kuirudisha lugha, na katika miaka hiyo wazazi walianza kuwachukulia watoto wao majina ya watakatifu wa zamani na mashujaa wa hadithi. Kevin lilikuwa mojawapo. Mwaka 1903 Roma ikathibitisha rasmi heshima aliyopewa mtakatifu huyo kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka uliotangulia, 1902, familia moja ya Dublin ilikuwa imempa mtoto wao jina hilo: Kevin Barry.

Akawa mwanafunzi wa udaktari. Akaingia jeshi la wapigania uhuru. Septemba 1920 alikamatwa baada ya shambulio la barabarani ambamo askari watatu wa Kiingereza walikufa, vijana kama yeye. Tarehe 1 Novemba 1920 alinyongwa katika gereza la Mountjoy. Alikuwa na miaka 18.

Walimzika ndani ya ukuta wa gereza, na huko alibaki hadi Oktoba 2001, serikali ya Ayalandi ilipomfukua pamoja na wenzake tisa na kuwazika kwa heshima za taifa. Mkenya hasomi hayo bila kumkumbuka Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na familia yake haikuonyeshwa kaburi.

Nyimbo ziliimbwa kumhusu Barry, zikavuka bahari na wahamiaji. Kizazi baada ya kizazi, mwanamke wa Kiayalandi aliyemwita mwanawe Kevin alijua anamwita nani. Hilo ndilo jina linalochekwa.

## Mwaka 1991

Jina liliingia Ujerumani na Ufaransa kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1991 ndilo lililoongoza kwa watoto wa kiume Ujerumani. Mwaka huo huo Ufaransa walizaliwa akina Kévin zaidi ya 13,000. Sababu moja mnaijua, maana na sisi tuliiona: ile filamu ya 1990, Home Alone, ya mtoto aitwaye Kevin aliyesahaulika nyumbani wakati wa Krismasi akawashinda wezi kwa kamba na mikebe ya rangi. Ya pili ni Kevin Costner, aliyekuwa kileleni mwaka ule ule.

Waliolipenda zaidi hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa viwandani na wa madukani, watu wasio na babu mwenye jina la kurithisha ukumbini. Na wenye kusoma wakaanza kucheka. Wajerumani wakafikia hata kuunda neno, Kevinismus, kama jina la ugonjwa. Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi wanafikiria nini wakisikia majina fulani. Charlotte na Maximilian walitarajiwa kuwa wazuri darasani. Kevin alitarajiwa kuwa mgumu na mzito. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni utambuzi wa maradhi.

Mtoto hajafungua daftari.

Ilinichukua muda kuona kinachochekwa. Si sauti ya jina, wala Ayalandi, maana wanaocheka hawaifikirii Ayalandi hata kidogo. Kinachochekwa ni mama maskini aliyethubutu kuchagua. Alipaswa kungojea jina limshukie kutoka kwa wakubwa. Badala yake aliliona mwenyewe kwenye skrini, akalipenda, akampa mwanawe. Kicheko kinamwambia kwamba kupenda kwake kumemwonyesha alikotoka.

Watoto wale wa 1991 sasa ni watu wazima. Mwaka 2022 akina Kévin waliingia Bunge la Ufaransa kwa mara ya kwanza, wawili kwa mpigo. Magazeti yaliandika juu ya jina kama vile lenyewe ndilo lililogombea.

## Kibanda cha video, Kitale

Kaka yangu alikiendesha kibanda cha video Kitale kabla hajaoa. Mabenchi, pazia jeusi, televisheni moja, jenereta ya kukodi. Filamu ile ya Krismasi aliionyesha mpaka kanda ikaanza kutoa mistari. Anachokikumbuka si vichekesho. Anakumbuka kwamba mtoto aliachwa peke yake na hakulala njaa, alikwenda dukani, alifua nguo, aliilinda nyumba. Kaka yangu alifiwa na baba akiwa mdogo, na mimi nikiwa mgongoni. Alipopata mtoto wa kiume alimtaka awe na akili ile.

Kwa hiyo ndiyo, mwanawe ana jina la sinema. Amelipata kwa njia ile ile kama watoto wa Ujerumani, kutoka kwa baba wa aina ile ile.

Kwetu hakuna aliyecheka. Jina likaota mizizi, likazaa Kevo, na leo ukiita Kevo katika kituo cha matatu chochote Kenya utageukiwa na vichwa vitatu. Likachanganywa pia na Kelvin, ambalo si ndugu yake: Kelvin ni mto unaopita Glasgow, ambao mwanafizikia William Thomson, mzaliwa wa Belfast, alijichukulia jina lake alipopewa ubwana mwaka 1892. L moja tu, na umehama nchi.

Aliyetia shaka alikuwa mama yetu. Kwake jina la ubatizo ni la mtakatifu, na wa sinema hamjui. Alimpeleka mtoto kwa padre akiwa amejiandalia Petro mfukoni. Padre alikuwa mzee wa Kiayalandi, wa shirika la Kiltegan, lile lililoanzishwa mwaka 1932 na ambalo limefanya kazi nyingi pande zetu na Turkana. Akamwambia mama kwamba mtakatifu huyo yupo, na kwamba yeye mwenyewe alipanda milima yake akiwa seminari. Kijiji cha Kiltegan kiko Wicklow. Ni mkoa mmoja na bonde la maziwa mawili.

Mama aliridhika. Petro akabaki mfukoni hadi alipozaliwa mdogo wake.

## Tarehe 3 Juni

Padre angeweza kumwambia jambo jingine ambalo lingemfurahisha zaidi. Sikukuu ya Mtakatifu Kevin ni tarehe 3 Juni.

Kwa Mkatoliki wa Afrika Mashariki tarehe hiyo ina mwenyewe. Ni Namugongo. Ni Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto mwaka 1886, ni Kizito aliyekuwa bado mtoto, ni mabasi yanayovuka mpaka wa Busia na Malaba usiku kucha, na watu wanaotembea kwa miguu kwa majuma. Mama amekwenda mara nyingi na goti lake bovu. Kila mara alikuwa akiiadhimisha siku ya mjukuu wake bila kuijua, maana kwetu Kevin wa Wicklow hana nafasi kwenye kalenda siku hiyo. Wametangulia wa nyumbani.

Nilipompigia simu kumwambia, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama Kizito na huyo Kevin wanajuana sasa. Nikamwambia kwa imani yetu, ndiyo, wanajuana.

## Anachokula mtu

Kaka yangu ndiye aliyenikatiza. Nilimweleza yote haya kwa moyo mkunjufu na yeye akasikiliza, halafu akasema: "Dada, hayo ni mazuri. Lakini kama jina linamzuia mtoto kula, aliache. Nililichagua mimi na mimi ndiye ninayesema."

Hoja hiyo sikuweza kuiruka. Ni rahisi kwangu kutetea jina nikiwa na mshahara. Mwenye kusoma barua kule hatamwona Barry wala ndege mweusi; ataona neno, na mdomo utamcheza. Hakuna somo la historia litakalotangulia bahasha. Nililala nikiwa nimeamua kumwambia kijana aweke Simiyu.

Asubuhi nilimpigia. Kabla sijasema, akasema yeye. Alikuwa ameuliza wauguzi wawili wa Kikenya walioko Ujerumani, mmoja wao jina lake ni hilo hilo. Huyo alimwambia kwamba wodini wagonjwa wazee humwita Kevin bila kicheko, kwa sababu anayewageuza kitandani saa tisa usiku ni yeye. Waliocheka walikuwa wenzake wa rika lake, wiki za kwanza, kisha wakaacha. "Sitaki nianze huko nikiwa na kitu cha kuficha," akaniambia. "Nitaweka yote mawili. Kevin mbele."

Barua imekwenda. Jibu halijaja.

## Msichana na thabai

Baada ya hapo alitaka nimsimulie habari za mtakatifu wake, na kuna sehemu nilitamani kuipita. Wanaotembelea bonde husimuliwa kwamba msichana aitwaye Kathleen alimpenda Kevin, akamfuata hadi pangoni, na yeye akamsukuma akazama ziwani. Mpole, aliyezaliwa mpendwa, asiyeweza kumfukuza ndege kiganjani, akamuua mwanamke kwa kumpenda. Toleo hilo lilienezwa na mshairi Thomas Moore mwanzoni mwa karne ya 19.

Katika masimulizi ya kale ya Kilatini hakuna anayezama. Msichana anamfuata, ndiyo. Kevin anajitupa kwenye thabai, yale majani yanayowasha, ili maumivu yaushinde mwili wake, kisha anamchapa msichana kwa majani hayo hayo, usoni, mikononi, miguuni. Naye anatubu na kuishi maisha matakatifu.

Nilimweleza matoleo yote mawili. Akacheka, akasema, "Kwa hiyo hata yeye alisingiziwa!" Alikuwa amefurahi, kama mtu aliyekuta jamaa yake kwenye kesi ile ile.

Nikamwambia kuhusu kuzama, ndiyo, alisingiziwa. Kuhusu thabai, hapana. Hiyo waliiandika watu waliomheshimu, wakiona ni sifa. Msichana hakuwa amefanya kosa lolote linalostahili kuchapwa usoni, na wewe unakwenda kuwahudumia watu wasio na nguvu ya kukuzuia.

Akakubali, kisha akauliza msichana yule aliitwa nani katika yale masimulizi ya zamani.

Nikamwambia jina la Kathleen lilikuja na wale wa nyimbo, na kwamba hata yeye anastahili mtu wa kumtafutia lake.